Risasi Isiyo na Risasi

Kiswahili kimelibebesha neno moja mizigo miwili. Risasi ni madini, yale mazito na laini ambayo wavuvi wa Pwani hutengenezea chubwi za nyavu zao; na risasi ni kile kinachoruka kutoka mtutu wa bunduki. Kwa karne nyingi hapakuwa na haja ya kuzitenganisha maana hizo, kwani kilichotoka mtutuni kilitengenezwa kwa madini hayo hayo. Leo mambo yamegeuka. Mwindaji anayeingia duka la bunduki Denver au Missoula, akijiandaa kupanda milima ya Rocky kumtafuta wapiti, anaweza kutoka na boksi la risasi ambazo ndani yake hamna hata chembe ya risasi. Ni shaba tupu. Na kwenye rafu hiyo hiyo yamepangwa maboksi mengine ya kaliba ile ile, yameandikwa 150, 165, 180, 200, bei zimepishana kama mchana na usiku, na kila boksi limechorwa dume la wapiti lililoinua pembe.

Achukue lipi? Swali hili limewagombanisha wawindaji wa Marekani kwa vizazi kadhaa. Jibu lake huamua kama mnyama atakufa katika sekunde chache, au atatokomea msituni na jeraha la kumuua polepole usiku kucha huku aliyempiga akirudi kambini mikono mitupu.

Jina wapiti limetoka kwa Washawnee, wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini, na linataja matako yake meupe. Wamarekani wengi humwita elk, lakini Ulaya jina hilo ni la mnyama mwingine kabisa, ndiyo maana wapiti linafaa zaidi. Ni wa jamii ya kulungu wa nchi za baridi. Pembe za dume ni mfupa mtupu wenye matawi. Huanguka kila mwaka na kuota upya, tofauti na za tandala ambazo humkaa maisha yake yote. Dume wa milima ya Rocky huwa na kilo 320 hivi, jike kilo 225. Kwa msomaji wa Arusha au Narok, huyo ni punda milia mnene aliyevikwa manyoya ya baridi. Kwenye misitu ya pwani ya Pasifiki yupo ndugu yake mkubwa zaidi, aliyepewa jina la Theodore Roosevelt mwaka 1897, miaka 12 kabla Roosevelt mwenyewe hajashuka Mombasa na bunduki zake kwa safari iliyojulikana dunia nzima.

Ukubwa huo ndio chanzo cha shida yote. Swala mdogo husamehe makosa ya mwindaji, kwa kuwa karibu risasi yoyote iliyopita kifuani humuua. Wapiti hasamehi. Mbele ya mapafu yake upo mfupa mpana wa bega, na juu ya mfupa huo misuli minene ya mnyama anayepanda na kushuka milima ya mita 3,000 kila siku. Ukija msimu wa kupandana, mwezi Septemba, madume hugaagaa kwenye matope mpaka manyoya yanakauka kama udongo wa kufinyangia. Risasi inatakiwa ipite hapo pote, kisha iwe bado ina nguvu ya kufanya kazi iliyotumwa.

Kazi yenyewe ni ipi? Watu wengi hudhani mnyama huuawa na kishindo, kana kwamba amegongwa na lori. Sivyo. Anakufa kwa sababu damu imeacha kufika kwenye ubongo. Risasi ikiyararua mapafu yote mawili, au mishipa mikubwa iliyo juu ya moyo, shinikizo la damu huporomoka na mnyama huanguka baada ya kukimbia makumi machache ya mita. Ikipita tumboni au ikikwama kwenye nyama ya bega, anaweza kutembea kilomita nyingi. Kwa hiyo risasi njema ina sifa mbili zinazovutana: ifike ndani, na ikifika ifungue tundu pana. Inayofunguka upesi huishia njiani; isiyofunguka hupita moja kwa moja kama sindano na kuacha tundu ambalo mwili karibu unaweza kuliziba. Historia nzima ya risasi za kuwindia ni historia ya kuzipatanisha sifa hizo mbili.

Hapa pana jambo ambalo huwashangaza wasioijua sekta hii. Mwaka 1899 mataifa yaliyokutana mjini The Hague yalikubaliana kutotumia vitani risasi zinazofunguka mwilini, zile zilizopata jina la dumdum kutokana na kiwanda cha Dum Dum karibu na Calcutta. Mwindaji ameamriwa kinyume chake. Sheria ya jimbo la Colorado inamtaka atumie risasi inayofunguka, na anayepanda mlimani na risasi za kijeshi zilizofunikwa gamba zima la shaba amevunja sheria kabla hajafyatua. Kwa mnyama, huruma ni kifo cha haraka.

Basi na turudi kwenye namba zilizoandikwa juu ya boksi. Risasi nzima, ile inayowekwa chemba, ina vitu vinne: ganda la shaba ya manjano, fataki ya kuwashia, baruti, na kichwa, yaani kile kinachoruka. Namba ya 150 au 180 ni uzito wa kichwa peke yake, kwa kipimo cha kale kiitwacho greni, ambacho asili yake ni uzito wa punje ya shayiri. Greni 1 ni gramu 0.0648. Kichwa cha greni 150 kina gramu 9.7, cha greni 180 kina gramu 11.7. Tofauti ni gramu mbili tu, na juu ya gramu hizo mbili yamemwagwa maneno mengi kuliko damu.

Tuchukue kaliba ya .30-06 Springfield, iliyoanza mwaka 1906 kama risasi ya jeshi la Marekani na ambayo mpaka leo ni ya kawaida kabisa mabegani mwa wawindaji wa wapiti. Kichwa cha greni 180 hutoka mdomo wa mtutu kwa mita 823 hivi kwa sekunde, kikiwa na nishati ya karibu jouli 3,950. Cha greni 150 hutoka kwa mita 887, na nishati yake ni takriban jouli 3,820. Hesabu hiyo inafundisha: kilichopunguzwa kwenye uzito kimerudishwa karibu chote kwenye kasi. Anayechagua kwa kulinganisha nishati peke yake anapima tofauti ambayo mnyama hawezi kuihisi.

Uzito una maana nyingine, na hiyo ndiyo ya kuangaliwa. Vichwa vya .30-06 vyote vina kipenyo kimoja, milimita 7.8. Ukiongeza uzito bila kuongeza kipenyo, kichwa kinakuwa kirefu zaidi, na kirefu huchimba ndani kuliko kifupi. Yeyote aliyewahi kushika mkuki na rungu vyenye uzito mmoja analijua jambo hili mikononi mwake. Ndiyo sababu wazee wa milimani walishikilia greni 180 kwa wapiti na kuwaachia greni 150 wanaowinda kulungu wadogo. Walikuwa sahihi, kwa risasi za zama zao.

Zama hizo risasi zilikuwa na umbo moja: kiini cha madini laini ndani ya gamba jembamba la shaba, pua ikiwa wazi. Ikigonga nyama, pua inabonyea na kufunguka kama uyoga. Remington Core-Lokt, iliyoingia sokoni mwaka 1939, ni ya ukoo huo, na bado inauzwa kwa bei nafuu. Ina wanyama wengi kwenye hesabu yake. Udhaifu wake hujitokeza pale kasi inapokuwa kubwa na mfupa unapokuwa karibu: gamba hutengana na kiini, madini husambaratika vipande vipande, na kinachobaki ni shimo pana lisilo na kina.

Mwaka 1946 yalimkuta hayo mfanyabiashara wa malori wa Oregon aitwaye John Nosler. Alikuwa British Columbia, Kanada, akiwinda muusi, yule kulungu mkubwa kuliko wote duniani, na mkononi alikuwa na .300 Holland & Holland Magnum, bunduki ya kasi kubwa kwa siku zile. Muusi aliyemkuta alikuwa amejipaka matope yaliyokauka. Nosler alimpiga, na tena akampiga. Vichwa vilifunguka mara vilipogusa matope na ngozi, vikaishiwa nguvu kabla ya kufika mapafuni. Bunduki haikuwa na kosa, wala uzito, wala shabaha. Kosa lilikuwa ndani ya kichwa chenyewe.

Nosler alirudi nyumbani na wazo ambalo fundi yeyote wa nyumba angelielewa. Alijenga kiambaza. Kichwa chake kilikuwa na vyumba viwili vya madini, mbele na nyuma, vikitenganishwa na ukuta wa shaba uliokuwa sehemu ya gamba lenyewe. Chumba cha mbele kinafunguka na kurarua. Ukuta unazuia ufunguzi usivuke hapo. Chumba cha nyuma kinaendelea kusukuma kama nyundo nyuma ya patasi. Mwaka uliofuata alirudi Kanada na rafiki yake, na kila mmoja akaangusha muusi wake kwa risasi moja. Mwaka 1948 alianza kuviuza kwa jina la Partition, na zaidi ya miaka 75 baadaye bado vinatengenezwa na bado vinaua wapiti. Ni vitu vichache vya kiwandani vilivyoundwa miaka ya 1940 ambavyo mtu anaweza kuvinunua leo bila kujiona amepitwa na wakati.

Baada ya Nosler, mafundi walitafuta njia nyingine za kufika pale pale. Wengine waliunga kiini na gamba viwe kitu kimoja, visiachane hata vikivunja mfupa. Kichwa cha namna hiyo, kama Trophy Bonded Bear Claw ya Jack Carter au AccuBond ya kampuni ya Nosler, hutoka upande wa pili kikiwa na sehemu kubwa ya uzito wake. Wengine walikwenda mbali zaidi wakaliacha kabisa madini ya risasi. Randy Brooks wa kampuni ya Barnes, Utah, alitoa mwaka 1989 kichwa cha shaba tupu chenye tundu puani. Kikigonga, tundu hilo hupasuka na kuchanua petali nne, na uzito hubaki karibu wote. Shaba ni ile ile ya Katanga na Zambia, ngumu kuliko risasi lakini nyepesi zaidi: sentimita moja ya ujazo ina gramu 9 za shaba, na ya risasi ina zaidi ya gramu 11.

Wepesi huo umebadili hesabu ya wazee. Kichwa cha shaba cha greni 180 kingekuwa kirefu mno, kikale nafasi ya baruti ndani ya ganda, na katika baadhi ya mitutu kisizungushwe vya kutosha na mifuo ya ndani ya mtutu ili kiruke sawa. Kwa kuwa hakipotezi uzito kinapopita mwilini, hakihitaji kuanza nao mwingi. Kichwa cha madini laini cha greni 180 kinachosambaratika na kubakiwa na nusu kinamaliza safari kikiwa na greni 90. Cha shaba cha greni 150 kinaimaliza kikiwa karibu na zile 150 kilizoanza nazo. Swali la uzito, basi, halina jibu mpaka lile la aina limejibiwa kwanza. Anayemwuliza muuza duka “nichukue greni ngapi?” ameanza katikati.

Ushahidi wa hili unapatikana hata Afrika Mashariki, katika kisa kigumu kukisimulia kwa furaha. Mwanzoni mwa karne ya 20, Mskoti W. D. M. Bell alizunguka Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda ya leo, akiwinda pembe za ndovu. Ndipo alipopata jina la Karamojo Bell. Aliua tembo zaidi ya 1,000, na wengi wao kwa bunduki ndogo ya milimita 7 yenye kichwa cha greni 173, gramu 11.2. Wenzake walibeba mizinga yenye vichwa vya gramu 30 na zaidi. Bell alipasua mafuvu ya tembo ili ajue ubongo unakaa wapi, na alitumia kichwa chenye gamba gumu lisilofunguka, kirefu na chembamba, kilichopenya mfupa bila kupinda. Kuwamaliza tembo kwa ajili ya biashara ya pembe ni doa, na hakuna sababu ya kulisifu. Lakini somo la mekanika limebaki: aina ya kichwa, na mahali kinapopita, vilishinda uzito. Aina ile ile kwa wapiti ingekuwa kosa na marufuku, kwa sababu Bell alilenga ubongo, na mwindaji wa Colorado analenga mapafu.

Ugomvi mkubwa wa Wamarekani wenyewe ulikuwa na makao yake Idaho. Jack O'Connor, mwandishi wa bunduki wa jarida la Outdoor Life, aliishi Lewiston na aliipenda .270 Winchester, kaliba ya mwaka 1925, yenye kichwa cha greni 130 kinachokwenda kwa kasi kubwa na kumpiga mwindaji teke la wastani. Elmer Keith, mfugaji na mwongoza wawindaji wa Salmon, hakutaka kusikia habari hizo. Kwake yeye wapiti alihitaji kichwa kipana na kizito, greni 250 na kupanda, kinachovunja bega na kutoka upande wa pili hata mnyama akiwa amesimama kimshazari. Walipingana kwa kalamu kwa miaka mingi, na wasomaji wao wakagawanyika kama mashabiki wa Simba na Yanga.

Ukiwasoma kwa utulivu, kila mmoja alikuwa anaeleza uwindaji wake. O'Connor alikuwa mpiga shabaha mtulivu aliyesubiri mnyama ageuke ubavu. Keith aliongoza wateja, na mteja hupiga pale alipopiga, mara nyingi wapiti akiwa anakimbia kuingia msituni; alihitaji risasi ya kusahihisha makosa ya wengine. Kilichobadilika tangu wakati wao ni ufundi wa kichwa chenyewe. Greni 130 za shaba katika .270 leo huchimba kwa kina ambacho greni 130 za mwaka 1950 hazikukiota. Ugomvi wao haukuamuliwa na mshindi. Umepunguzwa na viwanda.

Sheria nayo ina sakafu yake. Colorado, jimbo lenye wapiti wengi kuliko yote, linataka kaliba isiyo chini ya milimita 6, kichwa cha greni 85 au zaidi kwa wapiti na muusi, na nishati ya jouli 1,356 umbali wa mita 91. Hiyo ni sakafu, na kusimama sakafuni si busara. Greni 85 ni gramu 5.5. Mwindaji hodari anaweza kuua wapiti kwa risasi hiyo, mnyama akiwa karibu, ubavu wazi, bila upepo. Mlimani mambo matatu hayo hayakutani mara nyingi.

Upande wa pili kuna kishawishi cha kujaza nguvu. Kaliba za magnum, kama .300 Winchester Magnum ya 1963 au .338 Winchester Magnum ya 1958, zinafika mbali na zinapiga kwa nguvu, lakini zinapiga pande zote mbili. Teke lake begani humfanya mwindaji wa kawaida afumbe macho na kuvuta kifyatulio kwa kujikunja, na risasi hutua tumboni badala ya mapafuni. Mwongoza wawindaji mzoefu humwogopa mteja mwenye magnum mpya inayong'aa kuliko mwenye .30-06 iliyochakaa rangi. Waongozaji wa Tanzania, ambako uwindaji wa kitalii unaruhusiwa, wanamfahamu mteja wa namna hiyo.

Umbali nao una neno lake. Kichwa hufunguka kwa sababu ya kasi. Kasi ikishuka, kinabaki kimefumba. Vya madini vingi huhitaji kama mita 550 kwa sekunde, vya shaba kama 600. Kwa .30-06, shaba inakaribia kikomo hicho baada ya mita 350 hivi, na vya madini vinakwenda mbele kidogo. Wapo wanaojivunia kupiga wapiti mita 700 kwa vichwa vyembamba vilivyoundwa kwa mashindano ya shabaha. Risasi husafiri umbali huo kwa karibu sekunde nzima, na katika sekunde hiyo mnyama anaweza kupiga hatua. Kumfyatulia kiumbe hai mita 700 ni kumchezea kamari, na kifaa cha kupimia umbali hakiifanyi kuwa kitu kingine.

Kuna hoja moja ya zamani kwamba risasi bora ni ile inayobaki chini ya ngozi ya upande wa pili, kwa kuwa imeiacha nguvu yake yote ndani ya mnyama. Wenye hoja hiyo hawajafuata damu kwenye msitu mzito wa misonobari jua likizama. Tundu la kutokea ndilo linalomwaga damu ardhini, na damu ardhini ndiyo inayomfikisha mwindaji kwenye mnyama wake. Matundu mawili ni bora kuliko moja.

Sasa turudi kwenye risasi isiyo na risasi, kwa maana hapa habari inavuka mipaka ya mwindaji na mnyama wake. Kichwa cha madini kinapofunguka huacha chembe ndogo ndogo, nyingine ndogo kuliko punje ya chumvi, ambazo picha za eksirei zimezionyesha zikiwa zimetawanyika zaidi ya sentimita 30 kutoka njia ya jeraha. Mwindaji hupasua mzoga, hutoa matumbo na kuyaacha porini. Usiku haujaingia, ndege wameshuka.

Kondori wa California ni tumbusi mkubwa ambaye mabawa yake yakinyooshwa hukaribia mita 3. Mwaka 1982 walibaki 22 tu duniani. Mwaka 1987 wa mwisho waliokuwa porini walikamatwa ili wazalishwe kwenye mabanda, wote pamoja wakiwa 27. Leo wamepita 500, na wengi wamerudishwa porini California, Arizona na Utah. Adui yao mkuu amebaki kuwa sumu ya madini ya risasi wanayomeza kwenye mizoga na matumbo. California iliamua kwa sheria: mswada ulisainiwa mwaka 2013, na tangu tarehe 1 Julai 2019 ni marufuku kuwinda mnyama yeyote wa porini jimboni humo kwa risasi zenye madini hayo. Arizona ilichagua njia ya kubembeleza. Tangu 2005 imekuwa ikiwapa bure risasi za shaba wawindaji wa maeneo ya kondori, na wengi mno wameitikia.

Na si ndege peke yao. Mwaka 2008 maofisa wa afya wa North Dakota waliagiza ghala za chakula cha msaada zitupe nyama ya kusaga iliyotolewa na wawindaji, baada ya kukutwa ina chembe za madini hayo. Wataalamu walipima damu za wakazi zaidi ya 700 wa jimbo hilo, wakaona wanaokula nyama ya porini wana kiwango kilicho juu kidogo kuliko wasioila. Kidogo, lakini Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha madini ya risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Dume moja la wapiti humpatia mwindaji nyama isiyo na mfupa inayoweza kufika kilo 90 na zaidi, chakula cha familia kwa miezi. Mtu anayeipeleka mezani kwa mke mjamzito na watoto wadogo ana sababu nzito ya kununua shaba, hata kama hajawahi kumwona kondori maishani.

Bei ndiyo kinga ya wanaokataa. Ni kweli boksi la risasi 20 za shaba au zilizoungwa hugharimu zaidi ya lile la kawaida, pengine mara mbili. Lakini mgeni anayetoka jimbo jingine hulipa Colorado zaidi ya dola 700 kwa leseni moja tu ya wapiti, kisha nauli, mafuta, hema na farasi, na msimu mzima pengine anafyatua mara moja. Kubana matumizi kwenye kile kitu kimoja kitakachomgusa mnyama ni hesabu mbaya. Hata kodi iliyomo kwenye boksi ina kazi: kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1937, asilimia 11 ya bei ya kiwandani ya risasi na bunduki ndefu huenda kwenye uhifadhi wa wanyamapori. Mwanzoni mwa karne iliyopita wapiti wa Amerika Kaskazini walikuwa wamepungua chini ya 100,000. Leo wanakadiriwa kufika milioni moja.

Kwa mwenye .30-06 au .308 Winchester, basi, kichwa cha shaba cha greni 150 mpaka 168, au cha kiambaza au kilichoungwa cha greni 165 mpaka 180, kinatosha kwa wapiti yeyote kwa umbali wa haki. Mwenye .270 achukue greni 130 za shaba au 150 za kiambaza. Mwenye 7mm Remington Magnum asishuke chini ya 140 za shaba au 160 za madini yaliyoungwa, na mwenye .300 magnum ndiye hasa anayehitaji kichwa kigumu, kwa kuwa kasi yake karibu na mtutu hukisambaratisha kilicho laini; 180 mpaka 200 zinamfaa. Wapenzi wa kaliba ndogo za siku hizi, kama 6.5 Creedmoor, wanaweza kuwinda wapiti kwa heshima wakichagua kichwa kigumu, wakikaribia, na wakikubali kuacha kufyatua mnyama asipogeuka ubavu. Vya ncha ya plastiki na gamba jembamba viachiwe swala.

Kisha kazi ihamie kwenye uwanja wa shabaha. Kila mtutu una chaguo lake, na bunduki mbili za kiwanda kimoja zinaweza kupendelea risasi tofauti. Mwindaji anunue maboksi mawili matatu ya aina zilizotajwa, apige mita 100, mita 200, akiwa amekaa na akiwa amepiga goti, mpaka ajue ni ipi inayotua pamoja. Akibadilisha risasi aipange upya darubini yake, kwa maana greni 150 za shaba na greni 180 za madini hazitui mahali pamoja kwenye karatasi hata zikitoka mtutu mmoja. Afanye hivyo Agosti, kukiwa na jua na muda wa kutosha. Msimu wa kwanza wa bunduki wa Colorado hufunguliwa Oktoba, alfajiri, na wakati huo mara nyingi theluji imeshaanza kuanguka.